1,136,187: Namba ya Watu wa Kitui na Yaliyomo Ndani Yake

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, makarani wa hesabu ya watu walianza kupita katika miji na vijiji vyote vya Kenya. Safari hiyo hawakubeba madaftari makubwa kama waliowatangulia, bali walishika vile vibao vya kioo vya umeme viitwavyo vishikwambi. Migwani, iliyo katika njia itokayo Kabati kwenda Mwingi, haikuachwa. Mkulima na karani, mzee na mtoto mchanga, kila aliyelala pale usiku ule alitakiwa kuandikwa. Kazi iliendelea mpaka mwisho wa mwezi, na tarehe 4 Novemba 2019 jumla zikatangazwa. Kaunti ya Kitui, ambayo Migwani ni wadi yake mojawapo, ilipewa namba hii: 1,136,187.

Watu wengi waliisoma namba hiyo wakaipita. Waliotaka kujua kama Kitui imekua waliilinganisha na ile ya mwaka 2009, yaani 1,012,709, wakaona kwamba watu 123,478 wameongezeka. Wanasiasa nao wakaitazama kwa jicho lao. Lakini ni wachache waliojiuliza namba yenyewe ni namba ya namna gani. Maana namba nayo ina umbo lake, kama vile jiwe lilivyo na umbo lake hata kabla mwashi hajaja kulichukua, na umbo la namba hii si la kawaida hata kidogo. Mtu mwenye penseli na kipande cha karatasi aweza kulifunua kwa muda usiozidi ule wa kuchemsha chai.

Kwanza na isomwe kwa maneno: milioni moja, laki moja, thelathini na sita elfu, mia moja themanini na saba. Kiswahili kimekusanya maneno hayo kutoka pande nyingi. Milioni ilitoka Ulaya. Laki ilivuka bahari kutoka India pamoja na wafanya biashara. Elfu, mia, thelathini, themanini, sita na saba ni mali ya Waarabu. Moja ni neno la Kibantu lenyewe. Kikamba hakikuazima sana katika namba ndogo. Kwacho saba ni muonza na tisa ni kenda, na hilo la pili lajulikana pia kwa Waswahili wa zamani, ambao husema kenda mpaka leo.

Hiyo kenda ndiyo ufunguo wa kwanza. Wako makarani waliofundishwa zamani kupima hesabu zao kwa tisa, na wako wengi zaidi ambao hawakufundishwa kamwe, jambo la kusikitisha, kwa sababu kipimo hicho ni chepesi na kimeokoa madaftari mengi. Kazi yake ni hii: jumlisha tarakimu zote za namba, jumla ikigawanyika kwa 9, namba nzima yagawanyika kwa 9, isipogawanyika, kinachobaki katika jumla ndicho kitakachobaki katika namba.

Sababu yake yaonekana vizuri katika fedha. Shilingi 100 zikigawiwa watu tisa, kila mmoja apata 11 na shilingi moja yabaki mezani. Shilingi 1,000 zikigawiwa, kila mmoja apata 111 na moja yabaki vilevile. Hata shilingi milioni moja zitaacha shilingi moja tu. Basi kila noti ya mia, kila elfu na kila laki huacha moja mezani, na mia tano huacha tano. Anayejumlisha tarakimu anahesabu tu masalio yaliyobaki mezani.

Katika namba ya Kitui masalio ni 1 na 1 na 3 na 6 na 1 na 8 na 7. Jumla ni 27, na 27 ni tisa mara tatu. Kwa hiyo namba yote yagawanyika kwa 9 bila kubakiza mtu, na kila fungu lina watu 126,243. Lakini hapo mtu asiweke penseli chini. Tarakimu za 126,243 zikijumlishwa ni 18, nayo yagawanyika tena kwa 9! Ukigawanya mara ya pili wapata 14,027. Tarakimu za hiyo ni 14, na 14 haigawanyiki kwa 9 wala kwa 3, basi mlango wa tisa umefungwa. Mpaka hapa yajulikana kwamba namba ya Kitui ni 81 mara 14,027.

Kabla ya kuendelea yafaa kueleza jambo lililowapata baadhi ya waliojaribu kuhakikisha jumla hizo kwa njia ya makarani, yaani kwa kujumlisha safu. Taarifa ya hesabu ile yaonyesha kwamba Kitui ilikuwa na wanaume 549,003 na wanawake 587,151. Karani akijumlisha safu hizo mbili apata 1,136,154. Hazifiki. Zimepungua 33. Mtu wa haraka atasema mchapaji amekosea, au kwamba karani wa Nairobi alisinzia. Hata kipimo cha tisa chaonyesha upungufu: tarakimu za wanaume ni 21, nazo huacha 3, za wanawake ni 27, nazo haziachi kitu, basi jumla yao ingepaswa kuacha 3, lakini jumla iliyotangazwa haiachi kitu.

Mchapaji hakukosea. Hesabu ya 2019 ilikuwa ya kwanza katika Kenya kuwapa safu yao wenyewe watu waliozaliwa na maumbile yasiyokuwa ya kiume kamili wala ya kike kamili, ambao Kiswahili huwaita huntha. Katika Kenya nzima waliandikwa 1,524, na katika Kitui 33. Tarakimu za 33 ni 6. 3 na 6 ni 9. Na safu zimelingana. Katika hesabu zilizotangulia watu wa namna hiyo walitiwa katika safu ya wanaume au ya wanawake kwa kadiri alivyosema mwenye nyumba au alivyoona karani, wakapotea humo. Anayejumlisha safu mbili tu hupata namba 1,136,154, ambayo haigawanyiki kwa 9, na hayo yote yatakayosimuliwa hapa chini hayamo ndani yake. Watu 33 katika zaidi ya milioni moja ni wachache mno, lakini bila wao hesabu haifungi.

Sasa turudi kwenye 14,027, ambayo tisa haiwezi kuifungua. Ufunguo wake ni namba ijulikanayo na kila msomaji wa hadithi za Alfu Lela U Lela, yaani elfu moja na moja. Namba 1,001 ina sifa ambayo walimu wachache huitaja darasani: ni 7 mara 11 mara 13. Kwa hiyo yeyote atakaye kujua kama namba fulani yagawanyika kwa 7, au kwa 11, au kwa 13, aweza kuzipima zote tatu kwa mara moja. Akate namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha fungu la kwanza alijumlishe, la pili alitoe, la tatu alijumlishe, na kuendelea hivyo. Sababu ni kwamba elfu moja ni pungufu ya 1,001 kwa moja, basi kila elfu ni kama deni la moja. Na milioni ni elfu mara elfu, yaani deni la deni, ambalo hugeuka kuwa akiba ya moja.

Katika 14,027 mafungu ni 27 na 14. Ishirini na saba kutoa kumi na nne ni 13. Basi 14,027 yagawanyika kwa 13, na jibu ni 1,079. Jaribu tena: 79 kutoa 1 ni 78, nayo ni 13 mara sita. Basi 1,079 nayo yagawanyika kwa 13, na jibu ni 83. Hapo ndipo mwisho, maana 83 haigawanyiki kwa namba yoyote ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kuthibitisha hilo ni kazi ndogo: jaribu 2, 3, 5 na 7, zote hukataa, na haina haja ya kujaribu 11, kwa kuwa 11 mara 11 ni 121, ambayo imekwisha kuipita 83.

Namba za namna ya 83 huitwa namba tasa. Aliyechagua jina hilo alikuwa na jicho la mfugaji, maana ng'ombe tasa ni yule asiyezaa, na namba tasa haikuzaliwa na kuzidishana kwa namba nyingine ndogo. Hata hivyo jina hilo si la haki kabisa, kwa sababu namba tasa ndizo huzaa zote nyingine. Namba ya Kitui imezaliwa na 3 mara nne, 13 mara mbili, na 83 mara moja, basi. Hakuna njia nyingine ya kuipata kwa kuzidisha namba tasa, hata mtu akijaribu mpaka kuche.

Tatu nne na kumi na tatu mbili zinapogawanywa sawasawa katika mafungu mawili, kila fungu huwa 3 mara 3 mara 13, yaani 117. Kwa hiyo namba ya watu wa Kitui ni 117 mara 117, halafu mara 83. Mtu aweza kuona jambo hilo kwa macho ya moyo. Fikiri kwamba watu wote walioandikwa usiku ule wameitwa kwenye baraza moja kubwa, wakaambiwa wajipange kwa mistari. Wangesimama katika viwanja 83 vya mraba, kila kiwanja kikiwa na mistari 117, kila mstari ukiwa na watu 117, na asingebaki hata mtu mmoja nje akitafuta mahali pa kusimama. Kila mmoja akipewa mita moja ya mraba, kiwanja kimoja kingechukua ekari tatu na nusu hivi, na viwanja vyote 83 vingeenea katika ekari 281. Kaunti yenyewe ina kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Mkulima wa Migwani anayelalamika kwamba nchi imejaa aweza kulifikiri hilo, ingawa ni kweli pia kwamba watu hawaishi kwa mita moja ya mraba, na mbaazi na mawele hayaoti juu ya hesabu.

Ikiwa viwanja 83 ni vingi mno, wangeweza kusimama katika kiwanja kimoja chenye mistari 1,053, kila mstari watu 1,079. Kiwanja hicho kingekaribia sana kuwa mraba, upande mmoja ukiuzidi mwingine kwa watu 26 tu. Au wangejigawa katika makundi 27 ya watu 42,081, au makundi 39 ya watu 29,133. Njia zote za kuwagawa sawasawa zikihesabiwa ni 30. Kwa namba za ukubwa huo wastani ni njia 14 hivi. Namba ya Kitui ya mwaka 2009 ilikuwa na njia 8 tu, maana ilizaliwa na 29, 47 na 743, mara moja moja. Namba zinazogawanyika kwa 13,689, yaani 117 mara 117, huja mara moja tu katika kila namba 13,689. Iliyotangulia ile ya Kitui ni 1,122,498, na inayofuata ni 1,149,876.

Hapa pana jambo litakalowachekesha wazee. Katika Ukambani wa zamani, kama kwa majirani wengi, haikuwa adabu kumhesabu mtu au mnyama kwa kumnyooshea kidole. Mwenye zizi alijua kwa rangi na kwa pembe kama ng'ombe fulani hakurudi, wala hakuwa na haja ya kusema jumla yao kwa sauti. Na katika namba zote, muonza, yaani saba, ndiyo iliyotazamwa kwa hofu. Wazungu nao, pamoja na skuli zao zote, huogopa kumi na tatu. Ziko hoteli za Ulaya na Marekani ambazo hazina chumba chenye namba hiyo. Sasa tazama namba ya Kitui. Iliyoogopwa na Wakamba haimo: 1,136,187 ikigawanywa kwa saba hubaki watatu. Lakini inayoogopwa na Wazungu imo, tena imo mara mbili. Msomaji aweza kuhakikisha kwa ule ufunguo wa 1,001: 187 kutoa 136 kujumlisha 1 ni 52. Hamsini na mbili ni 13 mara nne. Kwa 7 huacha 3, na kwa 11 huacha 8.

Namba ya Kenya nzima katika hesabu hiyo ilikuwa 47,564,296. Mafungu yake ni 296, 564 na 47. Jumla ya 296 na 47 ni 343, nayo ni pungufu ya 564 kwa 221. Na 221 ni 13 mara 17. Basi kumi na tatu imo katika namba ya Kenya pia. Ndiyo namba tasa pekee ambayo Kitui na Kenya zinashirikiana, kwa sababu namba ya Kenya imezaliwa na 2 mara tatu, 13, 19 na 24,071. Anayetaka kuandika sehemu ya watu wa Kenya waliokuwa Kitui, bila kupunguza wala kuongeza, ataandika 87,399 juu ya 3,658,792, wala hataweza kuifupisha zaidi. Kwa matumizi ya kila siku yatosha kusema mtu mmoja katika kila 42.

Je, mambo hayo yana maana? Wako watu ambao wakiona namba imepangika vizuri hivyo huanza kutafuta unabii ndani yake. Hasha. Kama usiku ule mtoto mmoja zaidi angezaliwa katika kijiji kimoja cha Migwani na kuandikwa, namba ingekuwa 1,136,188. Hiyo haigawanyiki kwa 3, wala kwa 13, wala kwa 83, na viwanja vyote 83 vingevunjika mara moja. Kama mzee mmoja angejificha kwa kuogopa kodi, namba ingekuwa 1,136,186, na viwanja vingevunjika vilevile. Kwa afisa wa mipango mtu mmoja zaidi au pungufu si kitu. Zahanati na visima haviongezeki kwa ajili yake. Kwa namba, mtu mmoja hubadili kila kitu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na anayeyachanganya atakosea pande zote mbili: ama ataabudu tarakimu ya mwisho, ama atadhani kwamba kwa kuwa jumla ni kubwa basi mtu mmoja aweza kuachwa.

Hapo zamani haikuwa rahisi kusema hayo. Mpaka mwaka 1948 Waafrika wa Kenya hawakuwahi kuhesabiwa mmoja mmoja katika nchi nzima. Serikali ya wakati ule ilikisia idadi yao hasa kwa orodha za kodi ya nyumba na ya kichwa. Namba iliyopatikana mwaka 1948 ilikuwa 5,405,966. Ile ya mwaka 1962 ilikuwa 8,636,263. Namba iliyokisiwa huishia kwa sifuri nyingi, wala haina haja ya kutafutiwa namba tasa zake, kwa sababu hakuna aliyeihesabu.

Makueni, jirani wa Kitui, yatoa mfano wa namna nyingine. Namba yake ya mwaka 2019 ilikuwa 987,653. Jicho laona upesi kwamba angeongezwa mtu mmoja tu tarakimu zingeteremka kama ngazi: tisa, nane, saba, sita, tano, nne. Lakini hakuongezwa. Tena namba hiyo ni ngumu. Anayeijaribu kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23 atashindwa mara tisa, na mara ya kumi, kwa 29, itakubali: 29 mara 34,057. Kisha atakutana na 34,057, na hiyo ni tasa. Kulithibitisha hilo kwa mkono yampasa mtu ajaribu namba tasa zote mpaka 181, nazo ni 42. Watu wa Makueni wote pamoja waweza kugawanyika katika makundi 29, ama makundi 34,057, ama wabaki kundi moja, ama kila mtu asimame peke yake.

Kazi hiyo ya kupepeta namba tasa si ngeni katika bara la Afrika. Eratosthenes, aliyezaliwa Cyrene katika nchi iitwayo leo Libya, na aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria katika Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, ndiye anayesifiwa kwa njia ya ungo: andika namba zote kwa mfuatano, futa zote zinazogawanyika kwa 2, halafu kwa 3, halafu kwa 5, na zinazobaki kwenye ungo ni tasa. Mama anayepepeta ndengu ataifahamu bila kuelezwa.

Ugumu wa Makueni umekuwa na faida ambayo Eratosthenes hakuiota. Kuzidisha 29 kwa 34,057 ni kazi ya dakika moja kwa mtoto wa darasa la sita. Kuanza na 987,653 na kurudi nyuma kutafuta 29 ni kazi ndefu zaidi. Namba zikiwa kubwa sana tofauti hiyo huwa kubwa mno. Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, waliona kwamba jambo hilo laweza kuwa kufuli: namba kubwa iliyozaliwa na namba tasa mbili hutangazwa wazi kufungia barua, na mwenye kuzijua zile tasa mbili ndiye peke yake awezaye kuifungua. Mwaka 2020 wataalamu wenye mashine nyingi za kuhesabu waliweza kuivunja namba ya tarakimu 250. Zinazotumiwa kwa kufuli za kweli huwa na tarakimu 600 na zaidi. Namba ya Kitui isingefaa kabisa kuwa kufuli, kwa kuwa hufunguka kwa kipimo cha tisa tu.

Lakini kugawanyika kunakowagusa zaidi watu wa Migwani ni kule kwa sheria. Katiba ya mwaka 2010 iliweka majimbo 290 ya uchaguzi, na kuagiza kwamba idadi ya watu wa nchi igawanywe kwa 290 ili ijulikane kiasi cha jimbo moja. Kwa hesabu ya 2009, iliyokuwa watu 38,610,097, kiasi hicho kilikuwa 133,138, na walibaki 77. Kwa hesabu ya 2019 ni 164,014, na hubaki 236. Kitui ilipewa majimbo 8, na Migwani imo katika Mwingi Magharibi pamoja na Kyome/Thaana, Nguutani na Kiomo/Kyethani. Sasa mtu agawanye 1,136,187 kwa 8. Kila jimbo lapata watu 142,023, na watatu hubaki. Namba inayokubali njia 30 yakataa ile moja inayotakiwa, kwa sababu ni witiri, na hakuna 2 hata moja ndani yake. Kwa wadi zake 40 yakataa vilevile, hubaki watu 27.

Kwa kweli hakuna mtu anayegawa majimbo kwa mistari ya watu 117. Katiba yenyewe yaruhusu jimbo lizidi kiasi au lipungue kwa asilimia 30, na katika miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache kwa asilimia 40, kwa kuwa mito, barabara na udugu wa watu havifuati kugawanya. Linalofaa kutazamwa ni lingine. Namba ya Kitui ikigawanywa kwa kiasi cha jimbo moja cha 2019 haifiki 7 kamili, hali kaunti ina majimbo 8. Kitui imeongezeka, lakini Kenya imeongezeka upesi zaidi. Tena katika kanuni ya kugawa fedha kwa kaunti iliyopitishwa na Seneti mwezi wa Septemba 2020, idadi ya watu ilipewa uzito wa 18 katika kila 100, ambapo katika kanuni iliyotangulia ilikuwa 45. Kaunti zenye watu wengi zililalamika, na zenye nchi kubwa kavu zilishukuru. Kitui ina watu zaidi ya milioni moja na nchi kubwa kavu pia, hata mtu hajui ni upande gani angekaa.

Tangu usiku ule wa Agosti watoto wengi wamezaliwa Kitui na wazee wengi wamezikwa, na jumla ya walio hai imekwisha kupita mbali na viwanja vile 83. Kenya imehesabu watu wake kila mwaka wa kumi tangu 1969, na kwa desturi hiyo makarani watapita tena mwaka 2029, na Kitui itaandikiwa namba nyingine ya tarakimu saba. Nafasi kwamba nayo itapangika kwa mistari 117 ya watu 117 bila kubakiza mtu ni moja katika 13,689. Mwenye penseli ajumlishe kwanza tarakimu zake. Zisipogawanyika kwa tisa, hana haja ya kuendelea.